Kopo la Chumvi

Yahaya,

Salamu utapewa na mama yako kesho pale stesheni, tena za kukutosha mpaka Tabora, kwa hiyo mimi sikuongezei. Na mausia ya safari nimemwachia yeye. Atakwambia ulalie begi lako, usipokee chakula cha mtu usiyemjua, ukifika Mwanza utafute msikiti kabla hujatafuta marafiki. Msikilize, ni mama yako. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia kama kaa la moto tangu masika yaliyopita.

Jambo lenyewe hili hapa. Nalisema mwanzoni ili usiisome barua yote ukitafuta mahali baba yako alipolainika. Tanuru si lako. Hurudi Ujiji kushika kazi yangu. Nyumba ya mama yako ni nyumba yako, siku yoyote ukirudi utakuta kitanda na sahani, na nikifa utanizika wewe kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Lakini karakana, na kalibu zake, na mivukuto, na jina langu kwa wenye maboti wa Kibirizi, vyote nimempa Daforoza.

Najua unavyosema sasa hivi. Unasema, "Mkimbizi?" Sema tena, hapo ndani ya behewa hakuna wa kukuzaba kibao. Mkimbizi, ndiyo. Mwanamke, ndiyo. Mkristo, ndiyo, Jumapili anakwenda kusali na wenzake na Jumatatu anainamia tanuru la Waislamu. Ijumaa iliyopita wazee walinizunguka baada ya swala, wakanipa mkono, hongera Hamisi, kijana anakwenda kuongeza ujuzi halafu arudi akupumzishe. Nikasema inshallah. Nilisema inshallah huku mdomo umeniwia mchungu kama shubiri, na wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu kifua mbele.

Naandika alasiri hii nimekaa kwenye kigoda karakanani. Tanuru hatukuliwasha leo. Mama yako ameteremka Kibirizi kukutafutia samaki wa njiani, migebuka, wewe uko mjini unaaga rafiki zako, na Daforoza yuko uani anachekecha unga wa mawe. Namsikia. Barua hii nitakutia mkononi treni ikishaanza kutembea, ili usipate nafasi ya kuniuliza swali wala mimi nisipate nafasi ya kukujibu vibaya. Unanijua. Nikianza kujibu, hata la kweli nalisema kwa namna ambayo mtu analikataa.

Alivyokuja unakumbuka. Ulikuwa mdogo, lakini si mdogo wa kusahau. Miaka ile maboti yalikuwa yakishusha watu Kibirizi kama yanavyoshusha dagaa, wamelowa, wamenyamaza, akina mama wanahesabu watoto na hesabu haitimii. Malori yalikuwa yakiwachukua kwenda makambini. Yeye alibaki kwenye mchanga, hana mtu, amekumbatia sufuria. Mimi nilikwenda pale kutafuta pistoni chakavu, sikwenda kutafuta mtoto, na nilimwambia mama yako hivyo hivyo mbele ya binti mwenyewe.

"Tuna wetu," nikasema. "Huyu tunampeleka wapi?"

"Nyumbani," mama yako akanijibu. "Kwani wewe ulikuwa unakwenda wapi?"

Basi akaja. Tukasema ni mtoto wa shemeji yangu wa Kalinzi, maana Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, na askari aliyeletwa kutoka pwani masikio yake hayatofautishi. Akija mtu wa serikali anaitwa Zaina. Akiondoka anarudi kuwa Daforoza. Ulijifunza kuitika uongo huo kabla hujajifunza kufunga mshipi wa suruali, na ulikuwa hodari, sikufichi.

Sasa la ile sufuria. Hata wiki haikuisha, nikaiyeyusha. Ilikuwa imelala uani, imetoboka kitako, na mimi nilikuwa nimepungukiwa alumini. Akaitafuta. Kiswahili chake kilikuwa bado cha kuokoteza, akawa anazunguka uani anaonyesha kwa mikono, hivi, duara. Nikamwonyesha kalibu. Nikacheka, Yahaya. Na wewe ukacheka, kwa sababu baba yako amecheka. Akaniuliza, "Imekuwa nini?" Nikamwambia imekuwa bushi ya boti. "Ya nani?" Nikamtajia. Kesho yake akateremka peke yake mpaka Kibirizi, akamwomba yule mwenye boti amwonyeshe ile bushi mahali ilipo, akachungulia, akarudi, akashika ufagio.

Ilikuwa sufuria ya mama yake. Nilikuja kuambiwa na mama yako, na mpaka leo sijaomba radhi. Unaona tulipoanzia? Pale ndipo ulipojifunza kwamba mtu huyu anaweza kufanyiwa lolote na nyumba ikaendelea kula. Hukujifunzia barabarani. Ulijifunzia uani kwangu, kwa mwalimu mwenye ndevu.

Kazi unaijua, lakini niache niipitie kidogo, nataka kuona mwenyewe tulipotoka njiani. Bushi ni pete tu, shafti inazunguka ndani yake mpaka kwenye pangaboi. Mtu wa bara akilitazama ziwa letu anaona maji matupu, kumbe ufukweni ni mchanga, na miaka ile maboti yalikuwa hayapumziki, yanapanda mchangani yanashuka, yanapakia watu yanapakua watu. Mchanga ukishaingia kwenye bushi ya pistoni zilizoyeyushwa, unaila kama panya anavyokula sabuni. Mwezi hauishi, mwenye boti karudi na matusi, shafti inacheza. Ndipo nikawaza: kama mchanga ndio unaoshinda, basi na tuutie wa kwetu ndani, mgumu zaidi, kabla wa ziwani haujaingia. Tukachukua mawe mabovu ya mashine za kunolea, tukayaponda, tukayachekecha kwa kitambaa, tukautia ule unga mkali kwenye alumini iliyoyeyuka.

Wazo lilikuwa zuri. Kazi ilikuwa aibu. Punje zilielea juu, hazitaki kuingia, utadhani zimeapa. Zilizoingia zilikaa mafungu mafungu, na bushi ukiigonga nyundo inamomonyoka. Mimi na wewe tulikuwa tunakoroga kama watu wanaokoroga mchuzi, mbiombio, alumini ikiwa maji kabisa, na kadiri tulivyokoroga ndivyo tulivyojaza hewa. Daforoza alikuwa pale pale anaponda mawe, hakuna aliyemuuliza kitu.

Siku moja akasema, "Baba, mbona mnaisonga ikiwa maji? Ngojeni ishike kidogo."

Ukamwambia arudi jikoni na ugali wake. Mimi nikamwachia chungu, si kwa hekima, ni kwa kuchoka kushindwa. Akazikaanga zile punje kwenye kikaango cha chuma mpaka zikawa nyekundu, akangoja alumini ipoe hadi ianze kuwa nzito, akazimimina kidogo kidogo huku anaisonga polepole, anaigandamiza ubavuni mwa chungu, kama mwanamke anayesonga ugali wa msiba, wa watu wengi. Kisha akaipasha tena, akamwaga. Ile bushi mpaka leo iko kazini. Kilichobadilishwa ni shafti.

Hilo la shafti sikulitilia maanani wakati ule. Tulifurahi bushi hailiki, hatukuuliza inakula nini. Shafti laini ikizunguka ndani ya bushi ngumu inakwisha yenyewe, kimya kimya, na mwenye boti anasifu bushi. Nimekuwa bushi ya namna hiyo kwako, nimeligundua nikiwa mzee, na kugundua hakujanilainisha.

Maana tangu siku ile nilikuwa na neno moja kwako asubuhi na jioni: tazama mkono wa Daforoza. Tazama anavyopima joto kwa kijiti. Tazama asivyoharakisha. Nilikuwa nakutia ukali, hivyo ndivyo nilivyojiambia, kama ule unga. Babu yako aliniambia mimi kwamba nina mikono ya mshona mikeka, na mimi nikawa fundi ili nimkomoe. Nikadhani kila mtoto anapikwa kwa moto huo huo. Unakumbuka pale Kibirizi, ulipoleta bushi uliyoisubu peke yako, umeipiga msasa mpaka inameta, na wenye maboti wote wamekaa? Niliichukua, nikaigonga mara moja kwenye ukingo wa boti, ikapasuka, nikasema, "Hii mpeleke bibi yako akasagie tumbaku." Watu walicheka mpaka wachukuzi wakashusha mizigo. Nikavirusha vipande majini. Ulikwenda ukasimama mbali, unatazama vilipozama. Ningekufuata pale, labda tusingefika hapa. Lakini nilikuwa nafurahia kicheko.

Sasa tufike kwenye chumvi.

Karakana yetu ina sheria moja iliyotoka kwa babu yako, nayo haina mjadala. Chumvi ya kusafishia haiondoki juu ya tanuru. Inatoka Uvinza, inakaa kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo linakaa kwenye bega la tanuru mwaka mzima, kwa sababu bega halipoi na chumvi ya Uvinza inanyonya unyevu hata kwenye hewa. Ikiwa kavu, unaitupa juu ya alumini, inakusanya takataka, unaziengua, basi. Ikiwa mbichi, yale maji yanageuka mvuke mara moja na alumini inaruka kumtafuta aliye karibu. Hata paka wa nyumba hii anajua. Katika kazi nimekuchapa kwa kosa moja tu, nalo ni kopo hilo, ulipolishusha utotoni ukalichezea.

Masika hayo yaliyopita yule bwana mwenye karakana kubwa ya Mwanza alikuwa ametuma neno. Amesikia habari za bushi zetu, anasubu vipuri vya mashine za migodini, anataka kuja kuona kwa macho. Nikasema mezani, nyote wawili mnasikia, kwamba atakayesonga alumini mbele ya mgeni ni Daforoza. Wewe utashika kalibu. Nililisema mbele yako kwa kusudi. Nilitaka likuume uamke. Nilikuwa nawapambanisha kama majogoo na kuita malezi. Ulikula ukamaliza, ukanawa, ukasema, "Sawa, Baba." Sauti ile nilipaswa kuisikia.

Asubuhi iliyofuata tukafanya ya majaribio. Mvua ilikuwa imekesha. Mimi nilikuwa kwenye mivukuto. Daforoza akachota chumvi kwenye kopo kwa ule upawa wake, akainama, akatupa. Kikatoka kishindo kama cha mlango uliopigwa teke, halafu ndipo ikaja sauti ya mtu.

Uso upande wa kushoto. Shingo. Mkono mpaka kwenye kiwiko. Alumini ikishika ngozi haidondoki, inaganda pale pale, na kuibandua ni kuibandua na kilicho chini yake. Uliona, ulikuwapo, na nakupa haki yako: wewe ndiye uliyemfikia kwanza. Uliichana kanga ya mama yako, ulimbeba, ulilia kwa sauti ambayo sijaisikia kwako tangu ulipokuwa ukinyonya. Ulikuwa unasema, "Jamani, jamani, jamani." Hakuna aliyejifanya pale.

Na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kwa sababu kabla ya hapo, Yahaya, ulikuwa umesimama mlangoni. Mahali pako ni kwenye kalibu, karibu na bega la Daforoza. Siku ile ulikuwa mlangoni.

Walipomlaza ndani mimi nikarudi karakanani. Kopo lilikuwa limeanguka ubavu. Kwenye kitako chake kulikuwa na duara la tope, jeusi, lile la pale uani tunapoweka mtungi wa maji. Kopo lisiloshuka juu ya tanuru limepata wapi tope la penye mtungi? Nikatia kidole ndani. Chumvi ya juu ilikuwa imeshaanza kukauka, ya chini inanata. Kumbe limelala uani, na mvua ile. Kumbe limerudishwa tukiwa tunawasha, kabla moto haujashika. Anayewasha tanuru ni nani nyumba hii? Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Changu nilikuwa nimekizaa.

Nikasikia majirani wanapiga hodi. Nikalifuta lile tope kwa msuli wangu, nikamwaga chumvi kwenye jivu, nikalirudisha kopo mahali pake. Nikatoka nikawaambia, "Ajali ya kazi, ndugu zangu. Ni mapenzi ya Mungu." Nikamsingizia Mungu.

Sijakuuliza na sikuulizi. Nadhani najua. Ulitaka bushi yake itoke na matundu mbele yangu, unyevu kidogo ungetosha, nimcheke kama nilivyokucheka wewe. Hukuutaka uso wake. Lakini mtu anayetaka matundu tu, kilichompeleka mlangoni ni nini? Nimeligeuza swali hilo huku na huku. Nimesema ulijua. Nimesema hukujua. Nimesema miguu yako ilijua na kichwa kikakataa kuambiwa. Sasa ni lako, libebe wewe, mimi limenitia sugu.

Na la kwangu nalo lisikie, usije ukadhani natoka katika barua hii nikiwa msafi. Jicho lake lililopofuka ni mimi. Wiki ile kulikuwa na msako, wanawakamata wakimbizi waliojichanganya mjini, na hospitali ndiko watu wanakoulizwa kwao ni wapi. Nikasema tumtibu hapa hapa. Asali, mawese, majani ya mganga. Mama yako alinipigia magoti. "Mume wangu, mtoto anaoza," alisema. Nikamjibu kwa ukali kwamba wakimchukua kambini tumempoteza. Hayo niliyasema kwa mdomo. Niliyoyasema moyoni ni mengine: daktari atauliza imekuwaje. Atauliza chumvi ilikuwa wapi. Na mimi nina mtoto mmoja wa kiume.

Tulipompeleka hatimaye, akiwa haelewi tena anaitwa Zaina au Daforoza, daktari hakuuliza kwao wala hakuuliza chumvi. Alifunua bandeji, akatutazama mimi na mama yako, akasema, "Mlikuwa wapi?" Hakuna zaidi. Jicho lilikuwa limeshakwenda, na lingepona. Lingepona, Yahaya. Uso umeuharibu wewe, jicho nimelizima mimi ili wewe usiulizwe. Hiyo ndiyo zawadi kubwa niliyowahi kukupa, na lililoilipia ni jicho la mtoto wa watu.

Yule bwana wa Mwanza alikuja baadaye. Aliiona bushi ndani ya boti, akaipapasa, akauliza nani kasubu. Nikamtajia. Akamtaka huyo. Daforoza mwenyewe akakataa, alisema, "Oya," ndiyo hapana ya kwao, "mimi nilishahama mara moja, inatosha." Ndipo bwana akasema basi nipe mwingine. Nikamwambia, "Mchukue mwanangu. Anajua nusu. Mwanzishe kwenye kuponda mawe." Ulikuwa pembeni unatabasamu, ukidhani baba analeta unyenyekevu mbele ya mgeni. Sikuleta unyenyekevu. Utaponda mawe. Asubuhi mpaka jioni, mwaka wa kwanza, pengine na wa pili, pale pale alipokuwa amekaa yeye, na hakuna atakayekuuliza kitu.

Utauliza, kama unajua yote hayo, mbona hukunipeleka polisi? Kwa sababu nakupenda. Nimeliandika, lisome hapo, usilitafute kwingine. Na utauliza, kama unanipenda, mbona unanifukuza?

Nitakwambia nilichokiona. Daforoza aliporudi kazini, na bandeji bado shingoni, kabla hajachota chumvi alilishika kopo kwa kitambaa, akalinyanyua, akalitazama kitako. Akalirudisha. Ndipo akachota. Nikadhani ni woga wa moto, utapita. Kesho yake akafanya vile vile. Mpaka leo anafanya. Anafanya mbele yako, Yahaya, umesimama na kalibu mkononi, na wewe unatazama pembeni. Basi mimi nililifuta lile tope bure. Aliliona kabla yangu, au alilifikiria kitandani akiwa amefungwa uso, sijui. Hajamwambia mtu. Anakusalimu "Bwakeye" kila asubuhi, anakupakulia, anakufulia shati ukichelewa. Halafu anageuza kopo.

Kazi ya moto haifanyiki hivyo. Mtu hawezi kuinama juu ya alumini huku jicho lake moja liko kwenye chungu na anatamani angekuwa na la pili la kukuangalia wewe. Mmoja lazima aondoke. Nilipima nani aondoke, na nilipima kama fundi, nikijua kama baba nisingeweza. Yeye ana mkono na hana pa kwenda. Wewe una pa kwenda.

Mama yako hajui. Anadhani nakusomesha, anajisifu kwa jirani zake sokoni, na kesho atalia machozi ya furaha. Mimi simwambii. Siku ukiona unaweza kumtazama usoni na kusema, utakuja useme mwenyewe, na siku hiyo nitasogeza kiti nikukalishe. Tanuru hata siku hiyo halitakuwa lako. Nitasogeza kiti tu.

Nilikuwa nimefika hapo, nataka kutia jina, Daforoza akaingia. Ana unga wa mawe kwenye nyusi, kitambaa kiko shingoni. Nikaifunika karatasi kwa mkono kama mtoto wa shule. Akaona, akajifanya hakuona.

"Baba, huko Yahaya aendako wana chumvi ya kusafishia?"

"Mwanza mji mkubwa," nikasema. "Watakosa chumvi?"

"Wanayo. Lakini wanaiweka wapi?"

Akalishusha kopo. Kwanza akalitazama kitako, hata leo, hata tanuru likiwa halina moto. Akawasha makaa machache, akaimimina chumvi yote kwenye kile kikaango chake cha punje, akaikaanga kwa utaratibu mpaka ikaanza kuruka ruka kama mahindi, akaiacha ipoe huku ameifunika. Akaifunga kwenye kitambaa, kitambaa akakitia kwenye nailoni, nailoni akaizungushia kipande cha mpira wa baiskeli akakikaza kwa meno, kwa sababu ule mkono wa kushoto haukazi tena. Akaniwekea mapajani.

"Mpe."

Nikamuuliza, na nilijua sina haki ya kuuliza, "Mwanangu, huu ni msamaha?"

Akanitazama kwa lile jicho lililobaki. Hakukasirika.

"Oya, Baba. Ni chumvi." Akakibonyeza kile kifurushi. "Ni kavu."

Akarudi kuchekecha.

Kwa hiyo imo kwenye begi lako, chini ya kanzu mpya. Treni ikisimama Uvinza wauza chumvi watakuja dirishani kukupigia kelele. Usinunue, unayo. Ukifika Mwanza, kabla hujashika nyundo wala jiwe, omba nafasi kwenye bega la tanuru la watu, uiweke pale, na wakikuuliza waambie ndiyo sheria ya kwetu Ujiji.

Usiiweke karibu na mtungi.

Baba yako,
Hamisi